Wenyewe waliondoka, jengo la ibada limebaki: Tabora tuamue vipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabora mjini, katibu wa kamati ya mtaa wao, nalifupisha. Anasema karibu na soko kuna jengo la ibada la zamani la Wahindi, wenyewe waliondoka miaka ya sabini, likawa godauni la karanga, saivi kikundi cha maombi kinalikodi kwa Jumapili. Amejitokeza mjukuu wa familia iliyokuwa inakaa hapo zamani, yuko nje, anataka kutoa hela ya ukarabati. Waislamu wa mtaa wanasema ulikuwa msikiti na urudi kuwa msikiti. Watu wa maombi wanasema wao ndo waliolitunza mpaka leo halijaanguka. Halmashauri inataka makumbusho, na mbele zijengwe fremu za biashara. Mkutanoni mmoja akasimama akasema mbona Hagia Sophia kule Uturuki imerudishwa msikiti, mwingine akamjibu mbona ule msikiti wa Córdoba kule Hispania ni kanisa mpaka leo, zogo likaanzia hapo. Anauliza: "Shikamoo mzee, hapo nani ana haki, na sisi kamati tuanzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa mkutano. Natoa jibu kwanza alafu nieleze sababu, maana najua wengine kwenye kamati watasoma mwanzo tu. Kwa maelezo yako hakuna hata mmoja kati ya waliosimama siku ile aliyeonyesha haki ya jengo, sio Waislamu wa mtaa, sio watu wa maombi, sio halmashauri, na sio huyo mjukuu mwenye hela. Mwenye haki ya kuulizwa kwanza ni jumuiya iliyolijenga, na jumuiya haifi kwa sababu watu wake wamehama Tabora. Pa kuanzia ni ofisi ya ardhi, fundi atafuata baadaye sana. Na hela ya ukarabati msiipokee mpaka matumizi ya jengo yawe yameandikwa na pande zote zimesaini, kwa sababu hela ikitangulia mbele ya makubaliano basi mwenye hela ndo anakuwa ameamua na nyie mnabaki kupiga makofi siku ya uzinduzi.

Nianze na hasira za mkutanoni maana usipozielewa hizo hata ukiwa na hati mkononi utashindwa. Watu wengi wa nje wakisikia ugomvi kama huo wanadhani ni udini. Mie nimefanya kazi ya majengo ya kale muda mrefu na nakwambia kwa hapa kwetu mara nyingi chini yake kuna kitu kingine kabisa, kumbukumbu ya kuchukuliwa, na kila upande uliokaa mle ndani una ya kwake. Waislamu wanakumbuka Desemba 1968, serikali ilipoifuta EAMWS, ile jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1945 ikiungwa mkono na Aga Khan, ikaja Bakwata, baraza kuu la Waislamu Tanzania, na mali zikahamia huko, na wapo wazee mpaka leo wanaona walipokonywa chombo chao bila kuulizwa. Wakristo nao wana yao, Sheria ya Elimu ya 1969 ilipofungua njia ya kutaifisha shule, misheni iliyokuwa imejenga madarasa na mabweni ikabaki na kanisa pembeni. Na Wahindi wana 1971, sheria ya kutwaa majumba, nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 zikawa chini ya Msajili wa Majumba, watu wakafungasha wakaenda Uingereza, Kanada, wengine Dar. Sisemi sera zile zilikuwa na nia mbaya, zilikuwa na hoja zake na wengi wetu tumesoma bure kwa sababu yake. Ila ukikaa kwenye mkutano wa mtaa ukasema "serikali italichukua jengo kwa manufaa ya wote" ujue kila mtu mle ndani ameshasikia maneno hayo hayo kabla, au baba yake ameyasikia. Kwa hiyo neno "kulichukua" lisitoke kinywani mwa mjumbe yeyote wa kamati. Semeni kulitunza, semeni kulisimamia kwa muda, na mmaanishe hivo.

Haya, sasa jengo lenyewe. Umeniandikia "Wahindi" basi, na hapo ndo penye kazi ya kwanza, Wahindi gani? Walioishi kwenye miji ya reli ya kati hawakuwa dini moja. Kulikuwa na Khoja Ismailia wanaomfuata Aga Khan, Mabohora na Ithnaasheri, hao wote ni Waislamu wa Kishia, kulikuwa na Wahindu, Masingasinga, na Wagoa ambao ni Wakatoliki. Na Tabora hawakuja na treni peke yake, reli imefika pale 1912, lakini Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walipofika Kazeh, ndo jina la zamani la Tabora, Novemba 1857 walimkuta tayari anatajwa sana Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekuwa mwenyeji wa siku nyingi pamoja na Waarabu na watu wa pwani, kwenye nchi ya Mtemi wa Unyanyembe. Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akasema mji huu asili yake ni wa dini fulani, mjibu kwa heshima kwamba toka mwanzo haukuwa hivo.

Nenda na kijana mwenye simu yenye kamera nzuri mkapige picha kila maandishi, kila bamba la marumaru, kizingiti, sakafu, mpaka nyuma ya jengo. Herufi za Kigujarati utazijua kwa kuwa hazina ule mstari mrefu unaopita juu ya neno, wakati Devanagari, herufi za Kihindi, inao, na Gurmukhi ya Masingasinga nayo inao. Lakini usiishie hapo ukatangaza ni hekalu, kwa sababu Kigujarati waliandika Wahindu na waliandika Makhoja vile vile. Na hapa sikiliza vizuri: Mabohora lugha yao iko karibu na Kigujarati lakini wanaiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo mzee wa mtaa akiona Kiarabu juu ya mlango akasema "huu msikiti wetu" anaweza akawa sahihi kwamba ni nyumba ya Waislamu na bado akawa amekosea kwamba ni ya kwao. Angalieni kama kuna mihrabu, kile kijumba cha ukutani anaposimama imamu kuelekea kibla. Kutoka Tabora kibla ni kaskazini, kimeinama kidogo mashariki, washa dira ya simu utaona. Ila jamatkhana, nyumba ya ibada ya Ismailia, inaweza isiwe na mihrabu, hivo kukosekana kwa mihrabu peke yake hakuthibitishi kitu. Uliza pia kuhusu makaburi, uwanjani au eneo la karibu, Waislamu wa madhehebu yote wanazika, Wahindu na Masingasinga kwa kawaida wanachoma maiti. Mkikuta kaburi msiguse hata jiwe, kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 yenye utaratibu wake wa kutoa taarifa, na Kanuni ya Adhabu inamshika mtu anayeingilia makaburi au kuharibu mahali pa ibada kwa nia ya kudharau dini ya watu.

Alafu karatasi. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini wake, sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Hebu piga hesabu, hati ya miaka 99 iliyoanza 1925 imekwisha 2024. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba hati ipo, ina jina, na muda wake umepita juzi tu bila mtu kujua, na hapo wajanja wenye masikio ofisini wanajua kuliko kamati yako. Nendeni ofisi ya ardhi mkaombe upekuzi rasmi, mlipe, mpewe risiti na majibu ya maandishi. Msikubali kuambiwa kwa mdomo. Kama jina kwenye hati ni la bodi ya wadhamini, basi RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndo wanaosajili bodi hizo na wanaweza kusema kama bado ipo hai na anuani yake ni ipi. Jumuiya hizi zote nilizozitaja bado zipo Dar es Salaam, zina ofisi, zina viongozi, wanapokea barua. Mwandikieni kila mmoja ambaye jengo linaweza kuwa lake, barua moja inayofanana, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa na kwa mkuu wa wilaya, mseme jengo liko hivi, hali yake hii, tunaomba kauli yenu. Angalieni pia kama ile 1971 iliwahi kuligusa, nyumba ya ibada yenyewe haikuwa ya kupangisha lakini kama kiwanja kilikuwa na maduka ya kodi upande wa barabarani, hayo yanaweza kuwa yalitwaliwa na leo yakawa ni mali ya Shirika la Nyumba, na hapo mnajikuta kiwanja kimoja kina wenyewe wawili.

Sasa Istanbul na Córdoba. Nataka uzijue vizuri kwa sababu mkutano ujao zitatajwa tena, na walizitaja nusu.

Hagia Sophia ilimalizwa mwaka 537, zama za mfalme Justinian, ikawa kanisa kwa miaka zaidi ya mia tisa, karibu yote chini ya Wagiriki wa Orthodoksi. 1453 Sultan Mehmed wa pili akauteka mji na kuifanya msikiti, akaiweka wakfu. 1934 baraza la mawaziri la Atatürk, rais wa Uturuki wakati huo, likaamua iwe makumbusho, ikafunguliwa hivo 1935. Tarehe 10 Julai 2020 mahakama kuu ya utawala ya Uturuki ikafuta uamuzi wa 1934, na tarehe 24 mwezi huo huo ikaswaliwa Ijumaa. Wengi hawajui mahakama ilisimamia hoja gani. Ilisema jengo ni mali ya wakfu wa Sultan Mehmed, waraka wa wakfu unasema msikiti, na hati ya ardhi ya 1936 inasema msikiti, basi serikali haikuwa na uwezo wa kulibadilisha matumizi. Yaani karatasi. Yule bwana wa mkutanoni akiitumia Hagia Sophia kama mfano, mfano wake unamwambia alete waraka wa wakfu na hati, hauambii kwamba walio wengi mtaani wajichukulie. Na hata na karatasi zote zile mie moyo wangu uko na Wagiriki waliouona uamuzi ule kama kidonda kilichofunguliwa upya, kwa sababu ile miaka zaidi ya 80 ya makumbusho ilikuwa imempa kila mtu mahali pa kusimama, na picha za Bikira Maria zilizokuwa wazi kwa wote sasa zinafunikwa pazia wakati wa swala.

Córdoba ndo inanikera zaidi kwa upande wa karatasi. Msikiti ulianza kujengwa karibu 785 na Abd al-Rahman wa kwanza, 1236 mfalme Ferdinand akauteka mji ukafanywa kanisa, na karne ya 16 wakatoboa katikati ya zile nguzo wakapandisha kanisa kuu ndani ya msikiti. Hayo ni ya vita na zama zake. La karibuni ni hili: mwaka 2006 jimbo la Kanisa lilienda kuandikisha jengo zima kwa jina lake, na gharama ya kuandikisha ilikuwa yuro 30. Sheria ya Hispania wakati huo iliruhusu askofu kuandikisha kwa kauli yake tu, bila hati ya zamani, na ruhusa hiyo ilifutwa 2015. Jengo limekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia toka 1984, watu wa Córdoba wa dini zote na wasio na dini wanaliona lao, alafu wanakuja kugundua limeandikishwa kimya kimya. Maombi ya Waislamu wa Hispania ya kuruhusiwa kuswali mle yamekataliwa. Kwa hiyo wewe kama katibu jifunze kitu cha kazi hapo, kwamba wakati nyie mnabishana mkutanoni liwe msikiti au kanisa kuna mtu anaweza akaenda na fomu yake akaandikisha kiwanja. Wekeni zuio mapema, muombe mkurugenzi na ofisi ya ardhi kwa maandishi kwamba kiwanja hicho kisihamishwe, kisigawanywe wala kubadilishwa matumizi mpaka wadhamini wapatikane.

Ila mfano unaofanana na wa kwenu hakuna aliyeutaja. Edirne, mji wa Uturuki karibu na mpaka wa Bulgaria, kuna sinagogi kubwa lililojengwa 1909. Wayahudi wa mji wakapungua wakaondoka, likafungwa 1983, 1997 paa likaanguka. Serikali ikalikarabati kwa hela za umma. Novemba 2014, kazi iko mwishoni, gavana wa mkoa akatangaza kwamba litakuwa makumbusho tu, hakuna ibada, kwa sababu amekasirishwa na mambo ya Israeli huko Al-Aqsa, Yerusalemu. Watu wakapiga kelele, wakubwa wake wakarekebisha, na Machi 2015 likafunguliwa kama sinagogi na ibada ikafanyika. Umeona hapo? Jengo halina watu wake mjini, wenyewe wako Istanbul na kwingine, na bado kiongozi mmoja aliweza kulifanya mateka wa ugomvi wa nchi nyingine. Ndo maana nasisitiza matumizi yaandikwe kabla. Kama sio maandishi, jengo lenu litabadilika kila akija mkuu mpya, kila ukifika uchaguzi, kila kukitokea vita mahali ambapo hata hatuwezi kupaonyesha kwenye ramani.

Sasa maoni yangu kuhusu matumizi, umeniuliza na sitakwepa. Jengo la ibada la watu fulani lisifanywe nyumba ya ibada ya watu wengine bila ridhaa yao ya maandishi. Hii ni kwa Waislamu na kwa Wakristo sawa sawa. Wakipatikana wadhamini wakasema wenyewe kwa hiari "tunawapa kikundi cha maombi" au "tunawapa Waislamu wa mtaa", hakuna wa kuwazuia na nyie mshukuru. Wakisema wanataka kulirudia, hata kama ni familia mbili tu zilizobaki Tabora, wapewe. Wakisema hawana watu wala uwezo, basi liwe la kusomea: chumba cha maktaba, vijana wa sekondari wanaohangaika na kelele za nyumbani wapate meza na taa, jioni mafunzo, ukumbi mkubwa usigawanywe kwa kuta. Mihrabu au kijumba cha sanamu ya mungu au chochote kilichopo kibaki wazi kama kilivyo, kisizibwe kwa plasta, kisitundikwe runinga. Na iandikwe kwamba wenyewe wanaweza kuja kufanya ibada yao siku watakazokubaliana. Hilo sio jambo geni. Kule kisiwa cha Akdamar kwenye ziwa Van kuna kanisa la Waarmenia la karne ya 10, serikali ililikarabati ikalifungua 2007 kama makumbusho, na toka 2010 inaruhusiwa ibada mara moja kwa mwaka. Mara moja ni kidogo mno kwa mtazamo wangu lakini mlango upo.

Usinielewe vibaya kwamba jengo la kale likiwa na ibada linaharibika. Msikiti wa Kizimkazi Unguja una maandishi ya mwaka 500 Hijria, ndo 1107, na watu wanaswali mle mpaka leo, ukuta wa kibla wa zamani upo na unaheshimiwa. Jengo linalotumiwa na watu wake hutunzwa kuliko lililofungwa kufuli na kuwekewa kibao. Tatizo langu ni jengo kubadilishiwa wenyewe bila ridhaa yao, basi.

Watu wa maombi wanastahili haki pia, nisisitize, maana naona kwenye barua yako wajumbe wengine wanataka wafukuzwe kesho. Kama kweli walifagia, wakaziba bati, wakazuia watu kuvunja madirisha, waonyeshe walichotumia, kiandikwe, wapewe notisi ya muda wa kutosha na msaada wa kupata pa kwenda. Lakini ulizeni pia kodi yao ya kila mwezi wanamlipa nani, na huyo anayepokea kwa hati gani. Swali hilo litawafungulia mambo mengi na usiliulize hadharani siku ya kwanza, lianzie kwenye kikao kidogo na mwenyekiti wa mtaa.

Halmashauri. Wazo la makumbusho sio baya ila fremu mbele nalipinga kabisa. Ukishaziba uso wa jengo kwa fremu umeliua, na baada ya mwaka wenye fremu ndo watakuwa na sauti kuliko kamati, maana wanalipa. Pia wakumbushe kwa adabu ibara ya 19 ya Katiba, kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Halmashauri inaweza kusimamia ardhi, usalama, vibali vya ujenzi. Kugawia dini moja nyumba ya dini nyingine haiwezi kuwa kazi ya diwani, hata kama kura zinakaribia.

Na makumbusho yaseme ukweli wote. Nendeni Kwihara hapo jirani mkaangalie. Tembe linaitwa la Livingstone kwa sababu alikaa pale 1872, Stanley alimuacha tarehe 14 Machi, akasubiri wapagazi mpaka 25 Agosti ndo akaondoka. Miezi mitano na kidogo. Kwihara yenyewe ilikuwa makazi ya Waarabu wa biashara ya pembe na watumwa, kwenye nchi ya Wanyamwezi, na wapagazi waliobeba kila kitu walikuwa Wanyamwezi. Ujiji kwa wenzetu wa Kigoma ni hivo hivo, mtalii anapelekwa kwenye mwembe wa Livingstone na Stanley wakati njia ile ile ilipita watu waliofungwa minyororo kwa maelfu. Serikali iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, vituo sita, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, kwa hiyo hadithi kubwa inajulikana rasmi, ila kwenye vibao vyetu mgeni mmoja bado amekalia nafasi ya wote. Mfano wa kuiga nawapa wa Mkunazini, Zanzibar, kanisa kuu la Anglikana lililoanzwa 1873 pale pale palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka ule. Kanisa linaendelea na ibada na pembeni yake kuna maonyesho ya historia ya utumwa ambayo Mwislamu, Mkristo na mtalii wanasoma pamoja. Kwenu ubao useme nani alijenga, nani aliondoka na kwa nini, karanga zilikaa miaka gani, watu wa maombi walifanya nini. Na 1971 itajwe kwa jina.

Kuhusu sheria ya mambo ya kale msijipe matumaini ya bure. Sheria ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. La kwenu, kama ni la zama za reli, halimo mpaka Waziri alitangaze, na mnaweza kumuomba kupitia idara ya mambo ya kale, fanyeni hivo. Lakini mlango! Sheria hiyo hiyo inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Umesema mlango ni wa nakshi na kuna mtu toka Dar ameshauliza bei. Upigeni picha mlango leo, upimeni, andikeni barua kwa mambo ya kale, na huyo mnunuzi mwambieni mlango una sheria yake. Nimeona majengo mengi yakibaki na mlango wa bati kwa sababu kamati iliuza mlango "kupata hela ya kuanzia".

Mjukuu mwenye hela mpokeeni kama mtoto wa Tabora, kwa sababu ni kwao. Muulizeni kumbukumbu kabla ya hela: picha za harusi, kadi, jina la jumuiya ya babu yake, huenda yeye ndo ana jibu la swali lote la jengo ni la nani. Alafu mwambieni wazi kwamba familia yake ilikuwa sehemu ya jumuiya, haikuwa jumuiya yote, na mchango wake haununui uamuzi. Akikubali hilo kwa maandishi, na matumizi ya jengo yakishasainiwa, hela iingie akaunti ya peke yake yenye wasaini kutoka pande zote tatu na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Akitaka jina lake liwe kubwa kuliko la waliojenga, msikubali, hata kama hela ni nyingi.

Mafundi nitawaandikia siku nyingine, la haraka ni moja: ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa usipigwe simenti, simenti inafungia unyevu ndani na ukuta unabanduka vipande, tumieni chokaa, na rangi ya plastiki muiache.

Na kuna kazi moja ambayo haihitaji kusubiri majibu ya Dar, RITA wala mtu yeyote. Mvua Tabora zinaanza Novemba na umesema paa linavuja pande mbili na mchwa wameshapanda kwenye kenchi. Kuziba paa sio kuchagua dini wala matumizi. Iteni pande zote tatu na mjukuu kwa simu, kikao cha ajenda moja tu, muandike kwamba kuziba paa na kutibu mchwa hakumpi mtu yeyote haki juu ya jengo, wote wasaini, mmoja alete bati, mwingine mbao, mwingine dawa, kila kitu kipewe risiti. Watakaokataa kusaini hata hilo utakuwa umewajua mapema. Alafu nitumie picha za lile bamba la marumaru kwa karibu, mwanga wa asubuhi ukiwa ubavuni, herufi zisomeke.